Mafuta ya Zamani Hayaguswi

Ibada ilipokwisha Jumapili ile, watu wa Hovland walitoka kanisani wakasimama uwanjani na vikombe vyao vya kahawa, wakiisengenya hali ya hewa kama kawaida yao. Galen Tveit alimfungulia mama yake mlango wa pikapu, akamsukuma kidogo kiunoni ili apande. Mkewe Renae akapandia upande wa pili. Galen akawasha, injini ikaitika vizuri, akatia rivasi. Injini ikanguruma, ikapiga ukelele, ikatoa moshi, na gari likabaki pale pale.

"Kanyaga," alisema mama yake, Bi Ardis, aliyekuwa amebanwa katikati.

"Nimekanyaga, Mama."

"Basi liambie liende."

Akakanyaga tena. Hata mchungaji, aliyekuwa mlangoni akipeana mikono na waumini, aligeuka kutazama ni nani anayeitesa injini siku ya Bwana. Ghafla gari likashtuka, likaruka nyuma kama fahali aliyechomwa sindano. Kofia ya Galen ikamshukia machoni, na sahani ya keki iliyokuwa mapajani mwa Bi Ardis ikamwagika yote kwenye koti lake la kanisani. Uwanjani watu walicheka kwa adabu, yaani waliinamisha nyuso wakatazama ndani ya vikombe.

Verdell Skogen hakuinamisha uso. Alikuja taratibu, kahawa mkononi, akaegemea dirisha la Galen.

"Giaboksi," alisema.

"Baridi tu," alijibu Galen.

"Baridi gani? Jua hili?" Verdell aligonga bodi ya gari kwa kucha, kama mtu anayechagua tikiti maji. "Giaboksi imekwenda hiyo, jirani. Ukichoka kulisukuma, niambie. Nitakuondolea mzigo."

Verdell hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kununua tu. Jirani akikwama, yeye alitokea. Kwanza alikuondolea trekta, mwaka uliofuata akakuondolea malisho, na mwisho alikuondolea nyumba, na kila mara alikuja kwa upole, akiwa na keki ya mkewe mkononi. Upande wa magharibi wa Hovland familia tano zilikuwa zimekwisha kula keki hiyo. Wa mwisho walikuwa sasa wanapanga vyumba viwili mjini Fargo, juu ya duka la viatu.

Njiani kurudi nyumbani Bi Ardis alikuwa akiokota vipande vya keki kwenye koti, akivila kimoja kimoja.

*

"Mjini wanasema giaboksi nzima itolewe, iwekwe nyingine," alisema Galen Jumatatu, akiweka simu juu ya meza ya jikoni.

"Kwa kiasi gani?" aliuliza Renae.

"Ndama wote tulio nao, pamoja na mikia yao. Na hawana nafasi mpaka mwisho wa mwezi."

Mnada wa ndama ulikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Ndama hawaendi mnadani kwa miguu. Wanakwenda kwa trela, na trela lile refu la chuma halivutwi na gari dogo la Renae, ambalo hata mfuko wa viazi ukiwekwa nyuma hulalamika. Kulikuwa na pikapu moja tu nyumbani pale ya kuvuta mzigo: kubwa, ya dizeli, ya gia za otomatiki, yenye magurudumu manne nyuma na umri wa kijana wa kuoa.

Renae alikuwa akimenya karoti. Bila kuinua kichwa aliuliza, "Mafuta ya hiyo giaboksi yalibadilishwa lini?"

Galen alimtazama kana kwamba ameulizwa mara ya mwisho alioga lini. "Hayajabadilishwa."

"Tangu lini?"

"Tangu tulinunue."

"Na kabla hatujalinunua?"

"Sasa hilo nitajuaje, Renae? Sikiliza. Mafuta ya zamani hayaguswi. Baba alisema. Giaboksi ikishazeeka, ule uchafu ndio unaozishikilia gia. Ukiutoa, gari linakufa siku hiyo hiyo. Muulize mtu yeyote."

"Baba yako," alisema Bi Ardis kutoka kwenye kiti chake karibu na jiko, "hakupenda kubadilisha hata soksi. Na magari matatu yalimfia. Moja lilimfia kwenye reli."

"Mama, hili ni jambo la magari."

"Ndiyo. Na mimi ndiye niliyelisukuma likatoka relini. Wewe ulikuwa tumboni."

Galen alivuta kiti akaketi. Hapo ndipo alipotoa alichokuwa amekificha tangu asubuhi. Alikuwa amekwisha kuzungumza na Verdell. Jumamosi wangeenda pamoja kuangalia pikapu ya binamu yake Verdell, kuukuu lakini inatembea, na wakirudi Verdell angelichukua hili la kwao kwa hela taslimu.

"Na ndama watakwendaje mnadani?"

"Verdell atawachukua."

"Atawabeba kwa trela lake?"

Galen alichezea kijiko. "Atawanunua. Hapa hapa uani. Itatupunguzia safari."

Renae aliweka kisu chini. Hakupiga kelele, kwa sababu hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alipokasirika alimenya karoti vibaya, na siku ile karoti ziliingia sufuriani nyembamba kama kalamu. Aliona jambo ambalo mumewe hakutaka kuliona: kwamba leo ni pikapu, kesho ni ndama, na kesho kutwa Verdell atasimama kwenye ua wa malisho ya bondeni, keki mkononi, akisema nitawaondolea mzigo.

"Hebu tujaribu mafuta kwanza," alisema.

"Tukijaribu likafa, Verdell hatalinunua hata kwa bei ya vyuma. Nimesema hayaguswi." Galen alisimama akavaa kofia. Mlangoni akageuka. Sauti yake ilikuwa ya chini sasa. "Usinifanye nionekane mjinga mara mbili wiki moja, Renae."

Akatoka. Wanawake wawili walitazamana.

"Jumamosi wanaondoka saa ngapi?" aliuliza Bi Ardis.

*

Renae alikuwa mpishi wa shule. Siku ya Ijumaa alipomaliza kuosha masufuria hakuenda kwenye duka la vipuri la Hovland, maana mke wa Verdell alikuwa na dada yake kwenye kaunta pale. Alikwenda mji wa pili, na mfukoni alikuwa na hela aliyoiweka kwa ajili ya jino lake la nyuma. Tangu kiangazi alikuwa akitafunia upande mmoja.

"Mafuta ya giaboksi ya otomatiki," alimwambia muuzaji, akamtajia aina ya gari na mwaka wake. "Na filta yake, na gasketi ya sampu."

"Mumeo anataka ya kampuni gani?"

"Mume wangu hataki ya kampuni yoyote. Ndiyo maana nimekuja mimi."

Muuzaji alicheka, kisha akageuka akaita kwa sauti iliyofika mpaka kwenye rafu za matairi. "Jamani, kuna mama hapa anafungua giaboksi mwenyewe!" Wanaume watatu wakatokeza vichwa. Mmoja, mzee mwenye suruali ya kamba mabegani, alimsogelea Renae kwa huruma ya kweli.

"Dada, giaboksi kuukuu usiifungue. Mwanangu alifungua yake, wiki moja tu, kaburi."

"Ya mwanao ilikuwa mbovu hata kabla," alidakia mwingine. "Fungua, mama. Ila hakikisha gari limepata moto kwanza."

"Usifungue!"

"Afungue!"

Waliendelea kubishana wao kwa wao kama watu wanaogombea mirathi, na Renae akalipa, akabeba makopo yake mwenyewe mpaka garini, safari mbili, bila mmoja wao kukumbuka kumshika mkono. Alipokaa nyuma ya usukani alianza kupiga hesabu. Kama yule mzee wa suruali ya kamba alisema kweli, basi kesho yeye ndiye angeliua gari, na pamoja na gari angeua bei yake. Hakuna mtu Hovland ambaye angesahau. Angekuwa yule mke aliyejitia fundi.

Akawasha gari akaenda nyumbani, makopo yakigongana nyuma.

*

Jumamosi, vumbi la gari la Verdell lilipotua barabarani, Renae alikuwa amekwisha kuvaa ovaroli ya mumewe. Aliiwasha pikapu akaizungusha malishoni mpaka giaboksi ikapata moto, ikiruka na kugugumia njia nzima. Kisha akaiegesha kwenye zege mbele ya banda, akaweka magogo mbele na nyuma ya matairi, akajilaza chali juu ya kipande cha zulia, akajiburuta chini. Bi Ardis alikaa kiti cha plastiki karibu na gurudumu la mbele, blanketi magotini, simu ya Renae mkononi. Ndani ya simu mwanamume mwenye ndevu alikuwa akifundisha.

"Anasema ni kazi rahisi, mtu yeyote anaweza," alitangaza Bi Ardis.

"Mwambie aje yeye."

"Anasema magari mengine yana bolti ya kumwagia mafuta katikati ya sampu. Lako linayo?"

Sampu ni lile bakuli bapa la chuma linalofunika giaboksi kwa chini. Renae alilipapasa lote. "Halina."

"Anasema basi pole."

Ikabidi sampu yenyewe ishushwe, na mafuta yote yakiwa ndani. Renae aliingiza beseni la kuogeshea mbwa chini yake, akaanza kulegeza bolti moja baada ya nyingine. Zilikuwa nyingi, na kutu ilimdondokea machoni. Bi Ardis alimfikishia maneno ya mwenye ndevu kama mkalimani wa mahakama, mpaka ghafla akanyamaza.

"Anasemaje?"

"Amenyamaza. Mtandao umekatika. Amefungua mdomo tu."

"Neno lake la mwisho lilikuwa nini?"

"'Sasa hapa uwe mwangalifu sana, maana ukilegeza bolti za—'"

"Za wapi, Mama?"

"Ndipo alipofungua mdomo."

Renae alilegeza moja zaidi. Sampu ikainama kona moja, polepole, kama sahani mikononi mwa mlevi, na mafuta ya umri wa kijana wa kuoa yakamshukia: kifuani, shingoni, masikioni, kwenye nywele alizozitengeneza Jumatano. Yalikuwa ya moto kiasi cha chai iliyosahauliwa, meusi kama kahawa, yananuka mkate ulioungua. Alipiga yowe moja refu, kisha akaanza kutukana, na matusi yake yalikuwa mapya kabisa masikioni mwa mama mkwe wake.

"Ala! Hilo la mwisho umejifunza wapi?" aliuliza Bi Ardis.

"Jikoni shuleni!"

"Amerudi. Mwenye ndevu amerudi. Anasema usilegeze bolti za nyuma kabla ya za mbele."

Renae alijiburuta nje, akakaa juu ya zege, akajifuta uso. Akaanza kucheka. Bi Ardis naye akacheka mpaka blanketi likaanguka, na kwa muda kidogo hakuna kilichofanyika.

Walipotulia waliichunguza ile sampu. Ndani yake kulikuwa na sumaku, na juu ya sumaku tope la kijivu. Mwenye ndevu alisema tope laini si neno, ni kuchakaa kwa kawaida. Vipande vya chuma ndivyo vinavyotangaza msiba. Bi Ardis alilichukua tope kwa vidole viwili akalisugua kama mtu anayepima unga.

"Laini," alisema.

"Sugua tena."

"Laini, mwanangu. Hata unga wa mke wa Verdell si laini hivi."

Renae alivuta pumzi. Akachomoa filta ya zamani, ambayo ilikuwa imeziba kama pua yenye mafua, akang'oa na mpira wake uliobaki juu tunduni, akasukuma mpya mpaka ikalia tik. Akafuta sampu, akaiweka gasketi mpya, akarudisha bolti kwa kupishanisha, huku na huku.

"Usikaze kama unamkaba mtu," alimwonya Bi Ardis. "Anasema kaza kama unafunga kifungo cha mtoto."

Walimimina mafuta machafu kwenye madumu ya maziwa ili wajue ni kiasi gani cha kurudisha, na hesabu ikatoka vizuri. Renae alikuwa na kopo moja la ziada. Alifungua la kwanza, mafuta mapya, mekundu kama juisi ya zabibu, akageuka kuchukua faneli. Hapo Askofu akafika. Askofu alikuwa mbwa wao wa kulinda ng'ombe, mkubwa, mweupe kama theluji, jina alilopewa na Bi Ardis kwa sababu ya utulivu wake. Alilinusa kopo, akaliangusha, akaonja, hakupenda, halafu, kwa sababu zinazojulikana na mbwa peke yao, akajilaza ndani ya ule mkondo na kujigaragaza, miguu juu, kwa furaha kubwa. Lile kopo la ziada, basi, alikuwa amekwisha kulitumia yeye.

Na ndipo waliposikia gari barabarani.

*

Safari ya Galen ilikuwa imekatika mapema. Pikapu ya binamu ilikuwa kutu iliyopakwa rangi. Alipoegemea mlango, mlango ulibaki mkononi. Njiani kurudi Verdell alimfariji. Kisha akamuuliza, kama mtu anayeuliza habari ya watoto, malisho yale ya bondeni yana visima vingapi. Galen alikuwa akimgeukia kumtazama vizuri walipoingia uani, na kiumbe kikubwa, chekundu kuanzia masikio mpaka mkia, kikaja mbio kuwalaki.

"Mungu wangu," alisema Verdell.

Galen aliruka kabla gari halijasimama. Aliona nyayo nyekundu juu ya zege. Aliona kiti cha plastiki, kitupu, na blanketi chini. Aliona miguu ya mtu imetokeza chini ya pikapu, imevaa ovaroli yake.

"Renae!" Sauti iliyomtoka hakuitambua mwenyewe. "Renae! Mama!"

Renae alitoka chini ya gari, ambako alikuwa amejificha kwa sekunde chache akitafuta uongo wa kusema. Galen alipiga magoti akamshika kichwa kwa mikono miwili, akipekua nywele zake kwa vidole.

"Umeumia wapi? Wapi? Nioneshe!"

"Sijaumia, Galen. Ni mafuta."

"Mafuta gani?"

Renae alitazama pembeni. "Ya giaboksi."

Uso wa Galen ulitoka kwenye hofu ukaingia kwenye shukrani, na bila kupumzika hapo ukaingia kwenye hasira. Aliachia kichwa cha mkewe. Aliitazama sampu inayong'aa, madumu ya maziwa yaliyojaa uji mweusi, filta kuukuu imelala juu ya gazeti.

"Nilikukataza."

"Ulinikataza."

"Mbele ya..." Hakumaliza. Verdell alikuwa amekwisha kushuka, akiacha mlango wazi, na alikuwa akija kwa mwendo wake wa taratibu.

"Si neno, jirani," alisema Verdell kwa upole. "Nitaliendesha hivyo hivyo. Ufunguo uko wapi?"

"Halina hata tone ndani!" alisema Renae. "Ukiliwasha sasa, ndipo litakapokufa kweli."

"Ufunguo uko hapa," ilisema sauti. Bi Ardis alikuwa amesimama mlangoni mwa banda. Aliuinua ufunguo watu wote wauone, kisha akauingiza kifuani, ndani ya sweta, ndani ya blauzi, ndani zaidi. "Anayeutaka aje auchukue."

Verdell alitazama juu, akaonekana kuvutiwa sana na mawingu.

Alipopata tena sauti yake, aliiweka karibu na sikio la Galen, ingawa kila mtu alisikia. "Galen, mimi ni jirani. Lakini unaelewa mwenyewe, bei si ile tena. Gari limefunguliwa na wanawake, na sijui wameweka nini ndani. Nitakupa nusu. Ni kwa sababu ya urafiki." Akampigapiga begani, mara mbili, vile mtu anavyompigapiga farasi mzee kabla ya kumpandisha lori la machinjioni.

Galen aliutazama mkono ule begani mwake mpaka ukaondoka wenyewe. Halafu akamgeukia mkewe. Matone meusi yalikuwa yakimtiririka nyuma ya masikio.

"Umebakiza nini?"

"Kujaza."

"Una hakika na bolti?"

"Sina."

"Filta je?"

"Niliisukuma mpaka ikalia."

Galen alivua koti, akalitundika kwenye kioo cha pembeni. "Nipe faneli," alisema. "Verdell, subiri kidogo, au usisubiri. Shauri lako."

Walijaza kupitia bomba jembamba la kijiti cha kupimia, Galen ameshika faneli, Renae anamimina. Mara moja tu Galen alisema, "Taratibu, linafurika," na Renae akajibu, "Naona." Hasira bado ilikuwa hapo kati yao, lakini sasa ilikuwa na kazi ya kufanya. Bi Ardis aliwapa wote mgongo, akahangaika na blauzi, akageuka na ufunguo. Galen akanyoosha mkono.

"Mmoja lazima asome kijiti injini ikiwa imewaka," alisema Renae. "Macho yako yanaona vizuri kuliko yangu." Akauchukua ufunguo, akapanda.

Injini ikawaka. Mguu kwenye breki, akapitisha gia zote polepole, paki, rivasi, nyutro, mbele, akarudi tena, akihesabu moyoni kila kituo. Galen alichomoa kijiti, akafuta, akachomeka, akachomoa. "Ongeza." Akaongeza mwenyewe. "Kidogo tena. Hapo. Hapo hapo."

Bi Ardis aliondoa magogo. Renae akatia rivasi, akaachia breki.

Gari halikusogea.

Verdell alikohoa kikohozi kidogo cha msibani. Galen alibaki ameshika kijiti, na mafuta mekundu yakamdondokea kiatuni. Renae aliona kioo cha mbele kinapata ukungu, kisha akatambua ni macho yake. Hakukanyaga mafuta. Alitaka sana kukanyaga, mguu wake wote ulitaka, lakini alisubiri, mikono imekaza usukani.

Kisha gari likashuka kidogo kwa nyuma, kama mtu mzima anayejiweka vizuri kitini, na likaanza kwenda. Lilirudi nyuma bila kuruka, bila kugugumia, bila kelele, likapita banda, likapita tangi la maji, na Galen alikuwa akitembea kando yake, mkono mmoja juu ya mlango, akisema, "Ehe. Ehe. Ehe," kama anayemfundisha mtoto kutembea.

"Hilo ni uani," alisema Verdell. "Ngoja livute mzigo." Aligeuka aende zake.

Mlango wa gari lake ulikuwa bado wazi. Viti vyake vilikuwa vya ngozi, rangi ya maziwa, vipya. Askofu alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, amenyooka, mafuta mekundu mabichi yakimchuruzika, anatazama mbele kama anayesubiri foleni itembee.

Bi Ardis alimpa Verdell blanketi lake akalie. Hilo alilitoa kwa roho safi, na hakucheka mpaka gari lilipopotea kabisa.

*

Jioni ile Galen hakula mezani. Alichukua sahani akaenda kula bandani. Renae alimwacha. Siku iliyofuata hakwenda kanisani, akasema mgongo unamuuma. Siku ya tatu alimkuta mkewe akiosha nywele kwa sabuni ya vyombo kwa mara ya sita, akasimama mlangoni mwa bafu.

"Ungeniambia," alisema.

"Nilikuambia."

Alifikiri kidogo. "Ungeniambia tena."

Renae alimrushia taulo lenye maji. Lilimpata usoni, na kesho yake alirudi kula mezani.

Alhamisi walipakia ndama alfajiri wakaondoka, wote watatu ndani ya pikapu, Galen kwenye usukani. Tambarare hazikuwa na shida. Shida ilikuwa kilima cha bonde la Mto Sheyenne, kirefu, chenye kona katikati, ambapo malori hupumua kama wagonjwa. Walipofika chini yake Bi Ardis alifumba macho. Galen akakaza taya. Gari likapanda, gia zikabadilishana kimyakimya, moja, nyingine. Kwenye ile kona likatetemeka. Mtetemo mmoja mrefu, uliopita kwenye sakafu, ukapanda miguuni, na nyuma ndama wakapiga kelele. Galen alipunguza mguu kidogo tu. Gia ikashika, gari likaendelea kupanda, na wakatokea juu kwenye upepo.

"Nusu ya mafuta ya zamani bado imo ndani," alisema Renae baada ya muda. "Yanabaki kwenye viungo. Itabidi tubadilishe tena kabla ya theluji."

"Tubadilishe?"

"Nilisema tubadilishe."

Galen aliitikia kwa kichwa.

Ndama waliuzwa kwa bei ya siku, si nzuri sana, si mbaya. Hela zilitosha nyasi za majira ya baridi, zilitosha benki isipige simu, na zilitosha jino. Kwenye mgahawa wa mnada wanaume walikuwa wamejaa, kahawa na andazi la tufaha mbele yao, na Verdell alikuwa miongoni mwao, amevaa suruali ambayo nyuma yake, kwa mtu aliyejua pa kutazama, ilikuwa na wekundu usiotoka.

"Galen!" aliita mmoja wao. "Si tulisikia giaboksi yako imekufa? Na leo umevuta ndama wote wale! Nani aliitengeneza?"

Vichwa vikageuka. Galen aliweka trei mezani. Neno "mimi" lilikuwa tayari ulimini mwake, fupi, jepesi, na hakuna ambaye angelibisha isipokuwa Verdell, na Verdell asingependa kukieleza kiti chake. Renae alikuwa akipuliza kahawa yake, hakuinua macho. Hakutaka kumwona akilisema.

"Mke wangu," alisema Galen, kwa sauti ndogo.

"Nani?"

"Nimesema mke wangu!" Sasa alipaza sauti mpaka mpishi akachungulia dirishani. "Renae! Yeye na mama yangu! Nami nilimkataza, mbele ya mama yangu, na akafanya!"

Walicheka. Walicheka kwa nguvu, wengine wakapiga meza, na masikio ya Galen yakawa mekundu. Lakini alibaki amesimama hapo katikati ya kicheko chao mpaka kikaisha chenyewe, kisha akavuta kiti akala andazi lake lote. Kwenye meza ya pembeni Bi Ardis alikuwa amekwisha kuanza kuwaeleza wanaume wawili jinsi ya kusugua tope la sumaku, na mmoja wao alikuwa akimwuliza, kwa siri, kama mkwewe ana nafasi Jumamosi.

Renae alitoka nje kwanza. Trela lilikuwa tupu, milango yake inagonga kwa upepo. Akaifunga, akazunguka, akapanda kwenye usukani, akawasha.

Galen alitoka akiwa amemshika mama yake mkono. Alimpandisha katikati. Akasimama kidogo kando ya mlango wa dereva, kwa mazoea, akimtazama mkewe kupitia dirishani, na Renae akamtazama. Kisha akazunguka mbele ya gari akapanda upande wa pili, upande ambao alikuwa hajawahi kukaa tangu walinunue. Mikono yake haikujua pa kukaa. Aliijaribu kwenye dirisha, akaijaribu juu ya dashibodi, mwishowe akaiweka mapajani kama mgeni, akafunga mkanda.